Difu ya MGB Inapovuja Oili: Ulinganisho wa Njia Nne za Matengenezo kwa Mwenye Gari wa Dar es Salaam

Ukungu wa oili upande wa ndani wa tairi la nyuma, au doa jeusi lenye harufu kali chini ya difu (kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma), humfanya mwenye MGB, gari la michezo la Uingereza, apewe ushauri unaokinzana hata kabla gari halijapandishwa jeki. Fundi mmoja atasema tundu la kupumulia la ekseli limeziba, mwingine atataka kubadilisha sili tu (mpira unaozuia oili isitoke kando ya shafti), wa tatu atasisitiza kwamba beringi na kola (pete ya chuma inayosuguliwa na sili) zifunguliwe pamoja na sili, na hakosekani anayependekeza ekseli nzima ishushwe. Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi kwa gari fulani, kwa kuwa njia hizi nne hazitibu ugonjwa mmoja. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyesikia ushauri wote huo na bado hajui fedha yake aielekeze wapi.

Jambo la kwanza ni kujua gari lina ekseli gani. MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na katika kipindi hicho ilitumia ekseli za aina mbili. Magari ya wazi ya mwanzo, hadi 1967, yalikuwa na ekseli ya banjo, ambayo mgongo wake ni laini na mtambo wa difu hutolewa kwa mbele. Magari ya GT, yenye paa la kudumu, tangu yalipoanza kuuzwa 1965, pamoja na magari ya wazi yaliyofuata, yana ekseli ya mirija, inayotambulika kwa kifuniko kilichofungwa kwa bolti upande wa nyuma. Tofauti hii inagusa kila kitu kitakachoelezwa hapa, kuanzia kiasi cha oili hadi zana zinazohitajika, na mtu anayeagiza spea bila kuijua anaweza kuletewa sili ambayo haina pa kukaa.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba kinachovuja ni oili ya difu. Oili hiyo ni nzito na ina harufu ya salfa isiyosahaulika, wakati mafuta ya breki ni mepesi, huoshwa na maji na hubambua rangi. Silinda ya breki iliyochoka ndani ya dramu huacha unyevu mahali palepale ambapo sili ya ekseli ingeuacha, na kuna magari yaliyofunguliwa habu (kitovu cha gurudumu) nzima ilhali kosa lilikuwa la kifaa kidogo cha breki.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni usalama wa breki, nacho hakiwekwi kwenye mizani pamoja na vingine. MGB ina breki za dramu nyuma, zenye kipenyo cha inchi 10, na breki ya mkono inategemea dramu hizohizo. Oili ikishaingia kwenye lainingi (vipande vinavyosugua dramu ili kufunga breki), kusugua kwa petroli au kuchoma kwa moto hakuirudishi katika hali yake, kwa sababu oili iliyozama ndani hupanda tena juu lainingi inapopata joto. Kwa hiyo, njia yoyote itakayochaguliwa, lainingi zilizolowa zibadilishwe kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma, kwani kubadilisha upande mmoja kunalifanya gari livute upande wakati wa kufunga breki. Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, hivyo vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa hewa ya kompresa; lilowanishwe na kufutwa.

Vigezo vingine ni vitano: kama njia hiyo inafikia chanzo cha kuvuja, kazi na zana zinazohitajika, upatikanaji wa spea hapa jijini, muda ambao gari litalala, na matarajio ya kudumu kwa matengenezo. Sikuweka bei, kwa sababu gharama ya kuagiza spea kutoka Uingereza hubadilika kwa usafirishaji na kodi, na bei ya kazi kwa gari la aina hii huamuliwa zaidi na imani ya fundi kwamba analijua.

Njia ya kwanza: tundu la kupumulia na kipimo cha oili

Juu ya ganda la ekseli kuna tundu dogo lenye kofia ambalo huruhusu hewa kutoka ekseli inapopata moto na kuingia inapopoa. Likizibwa na matope, rangi au kutu, hewa iliyotanuka hutafuta njia nyingine, na njia iliyo rahisi ni mdomo wa sili. Sili nzima kabisa inaweza kuvuja kwa sababu hii peke yake. Dalili yake kubwa ni kuvuja sehemu kadhaa kwa wakati mmoja, yaani magurudumu yote mawili na pengine shingo ya difu, hasa baada ya safari ndefu.

Katika jiji hili tundu hilo lina umuhimu wa ziada. Gari likitembea hadi ekseli ipate moto, kisha likaingia kwenye maji ya masika yaliyotuama barabarani, kama yanavyotuama bonde la Jangwani, chuma hupoa ghafla na hewa iliyomo husinyaa. Ekseli huvuta kilicho karibu, na ikiwa ni maji, huvuta maji. Oili inayotoka baada ya hapo huwa na rangi ya maziwa, na hiyo ni ishara ya kumwaga yote bila kujadiliana, kwani maji yakikaa ndani huanza kula beringi na meno ya gia.

Kipimo nacho huchangia. Ekseli ya mirija inachukua takriban lita 0.85 tu, na ya banjo takriban lita 1.28. Chupa ya lita moja inayouzwa kila mahali inazidi mahitaji ya ekseli ya mirija, lakini fundi mwenye haraka huimalizia yote, hasa gari likiwa limeinuliwa upande mmoja hivi kwamba tundu la kujazia halisemi kweli. Oili sahihi ni ya hipoidi, yaani ya gia za difu, daraja la GL-5, yenye uzito wa 80W-90, na kimo chake ni ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Kwa upande wa kazi, njia hii inahitaji spana chache, kitambaa na saa moja au mbili. Spea ni oili tu, nayo inapatikana popote, na gari halilali. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kuponya sili iliyokwisha, na mtu anaweza kujidanganya kwa wiki kadhaa kwa sababu oili iliyopunguzwa huvuja polepole zaidi. Ili kipimo kiwe cha haki, bamba la nyuma la breki lifutwe likauke kabisa, kisha gari lifanye safari ya kulipasha moto kweli, kwa mfano kwenda Bagamoyo na kurudi, ndipo likaguliwe. Njia hii inamfaa yule ambaye lainingi zake bado ni kavu na kuvuja kwake ni kwa ukungu, si kwa matone.

Njia ya pili: kubadilisha sili peke yake

Hii ndiyo njia inayofanywa zaidi, na pia ndiyo inayorudiwa zaidi. Sababu ya kurudiwa mara nyingi haiko kwenye sili yenyewe. Iko kwenye chuma ambacho sili inakisugua.

Kwenye ekseli ya mirija, habu hushikwa na nati kubwa yenye pini ya kufungia. Ikishatolewa na habu kuvutwa kwa puli, hutolewa bomba la breki, kebo ya breki ya mkono na bamba la nyuma, ndipo kifikiwe kifuniko cha beringi chenye sili ndani yake. Shafti ya gurudumu haina haja ya kutolewa. Kwenye ekseli ya banjo mpangilio ni tofauti: shafti huvutwa nje kwanza, kisha habu yenyewe hufunguliwa, na sili hukaa ndani ya habu pamoja na beringi. Hapo kuna gasketi ya karatasi na ringi ya mpira ambazo hubadilishwa kila zinapofunguliwa. Silikoni nyingi au gasketi nene kupita kiasi haisaidii, kwa kuwa beringi lazima ibanwe shafti inapofungwa. Mbano huo ukipotea, beringi itacheza na sili mpya itafuata njia ya ile ya zamani.

Zana ni puli imara, soketi kubwa na spana ya kupima mkazo. Nati ya habu kwenye ekseli ya mirija hukazwa kwa pauni-futi 150, takriban nyutoni-mita 203, na tundu la pini lisipolingana nati huongezwa kukazwa hadi lilingane, hairegezwi. Kupiga habu kwa nyundo badala ya kutumia puli ni desturi mbaya iliyoenea, na huharibu uzi wa shafti.

Kuhusu spea, Gerezani kuna wauzaji wa sili na beringi ambao watakupimia ya kwako kwa kalipa na kutafuta inayofanana. Jambo hilo ni la msaada mkubwa, lakini lina mtego wake: gari hili lilibuniwa kwa inchi, na sehemu kubwa ya sili zilizopo sokoni ni za milimita, kwa ajili ya magari ya Japani. Sili inayokaribia haitoshi. Ikiwa ndogo kidogo kwa nje itazunguka au kuchomoka, na ikiwa pana kidogo kwa ndani itavuja siku ileile. Ikipatikana inayolingana kabisa, hakuna sababu ya kuidharau kwa kuwa haikutoka Uingereza. Isipopatikana, agizo kutoka kwa wauza spea wa MGB huko Uingereza ndiyo njia, na gari litalala kwa muda wote mzigo ukiwa njiani, isipokuwa mwenyewe ameagiza kabla ya kufungua, jambo ambalo ningelishauri bila kusita.

Sili ya pinioni (gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye difu), kwenye shingo ya difu inapofungwa propela, yaani shafti itokayo kwenye gia boksi, inahitaji tahadhari ya pekee. Kwenye ekseli ya mirija, nati ya pinioni ndiyo inayobana bushi laini inayosinyaa kwa makusudi ili kuzipa beringi mkazo wake. Kabla ya kuifungua ni lazima nati, pinioni na flanji vitiwe alama, na wakati wa kurudisha nati iishie palepale ilipokuwa. Anayeikaza kwa nguvu zake zote huisinyaza bushi kupita kiasi, na dawa ya hapo ni bushi mpya, ambayo haiingii bila kushusha pinioni yenyewe. Kazi ya sili moja inageuka kuwa kazi ya difu.

Njia ya pili inamfaa mwenye gari ambalo chuma kinachosuguana na sili bado ni laini, beringi hazina mchezo, na sili imekufa kwa uzee au kwa kusimama miaka mingi bila kutembea.

Njia ya tatu: sili pamoja na kola na beringi

Sili ikishatolewa kwenye ekseli ya mirija, kinachobaki machoni ni kola inayozunguka na shafti, ambayo mdomo wa sili huisugua. Ifute kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha ukucha juu yake kwa upana, kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine. Kama ukucha unapita bila kukwama, njia ya pili inatosha. Kama unadondoka kwenye mchirizi mwembamba unaoizunguka kola yote, basi sili mpya itakuwa imewekwa juu ya mfereji wa kuvushia oili. Mwenye gari anayesimama gereji amuulize fundi waziwazi, "Fundi, kola umeiangalia?" na asiridhike na jibu la "Bosi, sili ni mpya, tufunge tu."

Kola iliyochimbika ina tiba tatu. Ya kwanza ni kola mpya, ambayo ni safi kuliko zote lakini lazima iagizwe. Ya pili ni bushi nyembamba ya chuma cha pua inayovalishwa juu ya kola ya zamani. Zile zinazotengenezwa na SKF kwa kazi hii zina unene wa takriban milimita 0.28, hivyo sili ya kipimo kilekile huendelea kutumika. Ya tatu, ambayo hapa Dar es Salaam ndiyo inayofikirika haraka, ni kumpelekea kola fundi wa kukereza aisawazishe au achonge nyingine. Karakana za kukereza zipo na nyingine zina mafundi hodari sana, lakini uso huo unatakiwa uwe laini na wa mviringo kamili, na kila sehemu ya milimita inayoondolewa hupunguza mkazo wa mdomo wa sili. Kuchonga mpya kwa kipimo cha asili ni bora kuliko kupunguza ya zamani.

Beringi huingia kwenye hesabu kwa sababu shafti inayocheza juu na chini huupanua mdomo wa sili kwa kila mzunguko. Gurudumu likiwa hewani, shika tairi juu na chini ulitikise. Mchezo unaosikika mkononi, au mngurumo unaobadilika na mwendo, unamaanisha beringi zibadilishwe. Kwenye ekseli ya mirija sharti shafti ivutwe nje kwa kifaa chenye uzito unaoteleza, na beringi itolewe na kurudishwa kwa mashine ya presi. Hapa kazi inatoka kwenye uwezo wa uani na kuingia karakana yenye vifaa.

Gharama ya spea huongezeka, muda wa kulala huongezeka, na hata hivyo hii ndiyo njia ambayo sehemu kubwa ya kazi yake tayari imefanyika mtu anapobadilisha sili tu. Kulipia kufungua mara mbili kwa ajili ya kuokoa bei ya kola ni hesabu ambayo sijaona ikimlipa mtu. Inamfaa mwenye gari analolitumia mara kwa mara, na yule ambaye sili yake ilibadilishwa karibuni kisha ikavuja tena.

Njia ya nne: kushusha ekseli, kuijenga upya au kuibadilisha

Njia hii inafikia kila chanzo, ikiwemo kutu ya ganda, gasketi ya kifuniko, pinioni na uchakavu wa difu. Inahusisha kufungua propela, mabomba ya breki, kebo, viunganishi vya shokomzoba na bolti za springi. Kwa magari yaliyokaa karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, bolti hizo zimekwishaungana na kutu, na anayepanga kazi hii apange pia bolti mpya na huenda springi.

Kwenye ekseli ya banjo difu hutoka kwa mbele kwa urahisi kiasi, shafti zikishavutwa. Kwenye ekseli ya mirija ganda hutanuliwa kwa kifaa maalumu ndipo difu itoke, na asiye na kifaa hicho asijaribu kwa mtaimbo. Iwapo gari linatoa kishindo cha "kang" unapoachia na kukanyaga mafuta, mara nyingi ni washa za gia ndogo za difu zilizolika, na kufungua kote huku kunapata sababu.

Kununua ekseli iliyotumika kunaonekana kama mkato, lakini kuna masharti. Ekseli ya mirija ya magari yenye rimu za spoku ni fupi kuliko ya magari yenye rimu za bati, kwa hiyo haziingiliani bila tairi kukaribia bodi. Uwiano wa gia kwenye MGB za silinda nne ni 3.909 kwa 1, ilhali GT V8, yenye silinda nane, ina 3.07 kwa 1. Ukifunga ya V8 kwenye gari la silinda nne litakuwa zito kuondoka na spidomita haitasema ukweli. Na ekseli iliyokaa stoo miaka mingi itahitaji sili mpya vilevile. Uzito wake kwenye mizigo ya kutoka nje nao haupuuzwi. Njia hii inamfaa anayelifufua gari zima, au ambaye difu yake ina kelele zisizo za kuvuja tu.

Kuna pia chupa za dawa zinazodaiwa kufufua sili kwa kuzilainisha. Zinaweza kupunguza kuvuja kwa mpira uliokauka, ila haziwezi kujaza mchirizi wa kola wala kubana beringi, na kwa kuwa oili inayovuja inaelekea kwenye breki, sikuziweka kama njia inayojitegemea.

Kuchagua kulingana na hali

Gari likivuja kwa ukungu pande zote mbili, breki zikiwa kavu, anza na tundu la kupumulia na kipimo cha oili, kisha lipashe moto kwa safari ndefu. Likivuja upande mmoja tu, njia ya kwanza ifanyike kwa kuwa haina gharama, lakini agiza sili na kola ya upande huo mapema ili gari lisilale wazi likingoja mzigo.

Oili ikiwa imefika kwenye lainingi, gari lisimame. Hakuna sababu ya kuliendesha hadi mwisho wa mwezi katika foleni ya Mwenge. Hapo chaguo ni kati ya njia ya pili na ya tatu, na uamuzi hutolewa na ukucha juu ya kola na tikisiko la gurudumu, wala si na bei.

Aliyebadilisha sili hivi karibuni na ikavuja tena aende njia ya tatu moja kwa moja, baada ya kuhakikisha kwamba tundu la kupumulia halikusahauliwa mara ya kwanza. Mwenye gari la maonyesho linalotoka mara chache anaweza kuridhika na njia ya pili kwa miaka mingi, mradi gari lisogezwe mara kwa mara ili mdomo wa sili usikauke mahali pamoja.

Kama shingo ya difu ndiyo inayolowa na fundi aliyepo hajawahi kufanya kazi ya pinioni ya ekseli ya mirija, ni heri kuongeza oili na kufuatilia kipimo, almradi haifiki kwenye breki, hadi apatikane anayeijua. Gari lililoingia maji ya mafuriko limwagwe oili kwanza, siku hiyohiyo ikiwezekana, na maamuzi ya sili yasubiri. Na anayenunua MGB akakuta bamba za breki za nyuma zimeoshwa zikang'aa ilhali sehemu nyingine za chini zina vumbi la miaka, aombe dramu zifunguliwe mbele yake kabla ya kukubaliana bei.